Senti tano za zamani za Marekani: uanze na ipi, ununue nini, na kwa nini usizisafishe

Swali: Msomaji wetu anayeishi Columbus, Ohio, ambaye anafanya kazi kwenye kaunta ya duka, anaeleza kwamba amekuwa akiweka kando sarafu za senti tano zinazoonekana kuwa za kale. Tatu kati ya hizo zinamtatiza. Ya kwanza ina nyati upande mmoja na kichwa cha mwanamume mwenye manyoya nywelini upande wa pili, lakini mwaka umefutika kabisa. Ya pili ni ya 1943, ina rangi ya kijivu iliyofifia na herufi kubwa P juu ya picha ya jengo. Ya tatu ina herufi V katikati na imejaa uchafu mweusi. Anataka kujua kama zina thamani, kama azisafishe, namna ya kuanza kukusanya kwa bajeti ya dola 30 kwa mwezi, na kama anaweza kumpelekea baadhi yake mdogo wake aliyeko Morogoro.

Jibu: Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuzisugua, na nitaanza na hilo kwa sababu ndilo lisiloweza kurekebishwa likishafanyika. Usizisafishe. Sarafu inapopigwa chapa kiwandani, chuma hulazimika kutambaa kutoka katikati kuelekea ukingoni, na mtambao huo huacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo inayozaa ule mng'ao unaozunguka unapoigeuza sarafu chini ya taa. Dawa ya meno, magadi, siki, kitambaa cha kung'arishia vyombo, vyote huondoa mistari hiyo au kuikwaruza. Sarafu iliyosafishwa hung'aa kwa weupe mkavu usio na uhai, na mnunuzi mwenye uzoefu huitambua papo hapo. Hata ile isiyo na mng'ao tena, iliyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu, hupoteza ngozi yake ya kijivu iliyojengeka kwa miaka mingi, na ngozi hiyo ndiyo wakusanyaji wanayoitafuta.

Jambo moja tu linaruhusiwa. Ukiona kwamba kilichoganda kwenye sarafu yako ya V ni mafuta au gundi na si kutu, unaweza kuiloweka kwenye asetoni safi, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, si ya kuondolea rangi ya kucha iliyochanganywa na manukato na mafuta. Tumia chombo cha kioo, mahali penye hewa na mbali na moto, kisha itoe kwa kuishika ukingoni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Asetoni haishambulii shaba wala nikeli. Huyeyusha uchafu wa mafuta tu. Kilichobaki baada ya hapo kiache kibaki.

Sasa tuje kwenye sarafu yenyewe ya V. Ilichorwa na Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu, na ilitolewa kuanzia 1883 hadi 1912. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru, na upande wa pili una V, yaani tano ya Kirumi, ndani ya shada. Zile za kwanza za 1883 hazikuwa na neno CENTS popote, na kwa kuwa ukubwa wake ulikaribiana na sarafu ya dhahabu ya dola 5, matapeli walizipaka dhahabu na kuwapa wenye maduka wasiokuwa makini. Mwaka huohuo kiwanda kikaongeza neno CENTS chini ya V. Watu wakadhani zile zisizo na neno hilo zitafutwa na kuwa adimu, wakazihifadhi kwa wingi, na matokeo yake ni kwamba hadi leo sarafu ya 1883 isiyo na CENTS ndiyo rahisi kuliko zote za aina hii kuipata ikiwa katika hali nzuri. Kwa mkusanyaji anayeanza hiyo ni bahati kubwa, kwa maana ina umri mkubwa, ina kisa, na bei yake haitishi.

Tazama taji dogo juu ya paji la uso wa mwanamke huyo. Pana neno LIBERTY lenye herufi saba. Herufi zote saba zikisomeka, sarafu yako iko katika daraja la kati au zaidi. Zikiwa zimefutika zote, imechakaa sana na thamani yake ni ndogo, isipokuwa kama mwaka wake ni 1885 au 1886, ambayo ndiyo migumu kupatikana, au kama ni ya 1912 yenye herufi S. Hadi 1912 sarafu za nikeli za senti tano zilitengenezwa Philadelphia peke yake. Mwaka huo viwanda vya Denver (herufi D) na San Francisco (herufi S) viliruhusiwa kwa mara ya kwanza, na San Francisco ilipiga 238,000 tu. Herufi hiyo ni ndogo, na iko upande wa nyuma, chini kushoto, karibu na neno CENTS. Ukiona V yenye mwaka 1913, iweke chini kwa utulivu, kwani zinazojulikana duniani ni tano tu, zote zilitengenezwa nje ya utaratibu rasmi, na moja yake iliuzwa 2018 kwa zaidi ya dola milioni 4.5. Zilizobadilishwa namba ya mwisho ili zifanane nazo ni nyingi.

Sarafu ya nyati ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu. Iliundwa na mchongaji James Earle Fraser na kuanza kutolewa 1913, na kwa maoni yangu hakuna sarafu ya matumizi ya kila siku ya Marekani inayoifikia kwa uzuri. Fraser mwenyewe alisema kwamba kichwa kile si cha mtu mmoja. Aliunganisha sura za wenyeji wa asili kadhaa, akiwataja Iron Tail na Two Moons. Tatizo ni kwamba aliuweka mwaka begani, mahali palipoinuka, na kwa hiyo ndio unaoguswa na kila kidole, kila mfuko na kila sarafu nyingine. Upande wa nyuma nako maneno FIVE CENTS yalikuwa juu ya kilima alichosimamia nyati, nayo yangefutika vilevile. Kiwanda kikaliona hilo mapema. Katikati ya 1913 kilima kilikatwa kikawa mstari ulionyooka, na maneno yakazamishwa chini yake ambako yamekingwa. Mwaka haukuhamishwa. Ndiyo maana mamilioni ya sarafu za nyati zimebaki bila mwaka, na nyingi huuzwa kwa bei isiyofika mbali na ile iliyoandikwa juu yake.

Hata hivyo, usiitupe yako kabla ya kuigeuza. Kama nyati wako amesimama juu ya kilima chenye mabonde na mwinuko, na si juu ya mstari ulionyooka, basi hiyo ni sarafu ya 1913 hata kama mwaka hauonekani kabisa, kwa sababu kilima kilitumika mwaka huo peke yake. Kisha angalia chini ya FIVE CENTS kama pana herufi D au S. Ya S ndiyo adimu kuliko zote zenye kilima. Kuna watu watakaokushauri ununue kichupa cha asidi kinachorudisha mwaka. Ni kweli kwamba tone moja huufanya mwaka uonekane kwa muda, kwa kuwa chuma kilichokandamizwa na chapa huliwa tofauti na kile cha pembeni, lakini huacha doa la kijivu lililoparuzika ambalo haliondoki. Fanya hivyo kama unataka tu kukidhi udadisi wako na hukusudii kuiuza kamwe.

Sarafu yako ya 1943 ina historia fupi na iliyo wazi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili nikeli ilihitajika kwa silaha, kwa hiyo kuanzia Oktoba 1942 hadi 1945 senti tano zilitengenezwa kwa asilimia 56 ya shaba, 35 ya madini ya fedha na 9 ya manganisi. Ili ziweze kutenganishwa na nyingine baadaye, herufi ya kiwanda iliwekwa kubwa juu ya kuba la Monticello, nyumba ya Rais Jefferson, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Philadelphia kuweka herufi yake P kwenye sarafu ya Marekani. Mizani haitakusaidia kuitambua, kwa kuwa uzito ni uleule wa gramu 5. Herufi na rangi ndizo mashahidi. Ndani yake mna gramu 1.75 za madini ya fedha, na kwa kawaida bei yake hufuata bei ya madini hayo. Kwa yako mahususi, chukua lenzi na utazame namba 3 ya mwaka: mwaka huo kalibu moja ya 1942, yaani muhuri wa chuma unaopiga chapa sarafu, ilipigwa upya kuwa 1943, na mabaki ya 2 huonekana ndani ya 3. Ukiyaona, mpelekee mtaalamu. Jihadhari pia na 1944 isiyo na herufi yoyote juu ya kuba. Hiyo ni kazi ya Francis LeRoy Henning wa New Jersey, ambaye katika miaka ya 1950 alighushi senti tano na kusahau alama hiyo.

Kuhusu kuanza, ushauri wangu ni uchague mfululizo mmoja mfupi na uujue vizuri kuliko kuokota kila kinachopita. Sarafu za nyati za kuanzia 1934 hadi 1938 ni kumi na mbili tu: mbili za 1934, tatu za kila mwaka kuanzia 1935 hadi 1937, na moja ya 1938 iliyopigwa Denver peke yake. Hazikutengenezwa kabisa 1932 na 1933, kwa hiyo mfululizo huu umejitenga wenyewe kama sura ya kitabu. Zote zinapatikana, na zikiwa zimetumika kidogo nyingi huuzwa kwa dola chache tu. Dola 30 kwa mwezi zinatosha kununua sarafu moja au mbili nzuri, na nakusihi uziache zile nane mbaya ambazo muuzaji atataka kukufungia pamoja kwa bei hiyohiyo. Ununuzi wako wa kwanza wa sarafu isiyowahi kutumika na uwe 1938 yenye herufi D. Watu waliiweka kwa wingi kwa kuwa ilikuwa ya mwisho, imepigwa kwa nguvu, na nywele za nyati kichwani zinaonekana moja moja. Ukiishika hiyo mkononi ndipo utakapojua sarafu nyingine zimepoteza nini.

Wakati huohuo kaunta yako ni hazina ya bure. Senti tano za Jefferson zilizochorwa na Felix Schlag zilianza 1938, na za miaka ya mwanzo bado hujitokeza kwenye chenji. Hadi 1964, ukiacha zile za vita, herufi ya kiwanda ilikuwa upande wa nyuma, kulia mwa jengo. Zitafute za 1938 zenye D au S, na 1939 yenye D. Unaweza pia kununua roli benki, ambazo zina sarafu 40 kwa dola 2, ukazikagua na kuzirudisha zisizokufaa bila kupoteza chochote isipokuwa muda.

Nataka tukae kidogo kwenye jambo linalowachanganya wengi, nalo ni idadi iliyotengenezwa. Mgeni hufungua orodha, huona namba ndogo, na kudhani amepata kilicho adimu. Chukua sarafu mbili za nyati za San Francisco: ya 1913 iliyo na mstari ulionyooka na ya 1931. Zote zilitengenezwa takriban milioni 1.2, lakini ya kwanza huuzwa ghali mara nyingi zaidi ya ya pili, kwa sababu ya 1913 iliingia mitaani ikachakaa, ilhali 1931 watu walisikia kwamba ni chache wakazificha mapema. Vivyo hivyo kwa Jefferson ya 1950 ya Denver: ni 2,630,030 tu, idadi ndogo kuliko zote za kawaida katika mfululizo wake, lakini ziliwekwa kwa roli nzima, na leo ukiitaka isiyotumika ni rahisi kuipata kuliko iliyochakaa. Kinyume chake ni nyati ya 1926 ya San Francisco, ambazo zilikuwa 970,000 na hakuna aliyezijali. Katika hali nzuri bei yake huwashinda wakusanyaji wengi. Kwa hiyo usiulize tu zilitengenezwa ngapi. Uliza zimebaki ngapi katika hali unayoitaka.

Hali nayo ina ugumu wake katika sarafu hizi. Mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25 ni mgumu, unachosha kalibu, na katika miaka ya 1920 Denver na San Francisco ziliendelea kutumia kalibu zilizochoka. Utakuta nyati ambaye pembe yake haionekani ncha na neno LIBERTY limefifia, kumbe sarafu haijawahi kutumika hata siku moja. Namna ya kupambanua ni kuiinamisha chini ya taa moja. Mahali palipofifia pakiwa bado pana mng'ao uleule wa sehemu nyingine, kosa ni la chapa. Pakiwa pamepoa na kuwa laini bila mng'ao, pamesuguliwa na mikono. Muuzaji asiye mwaminifu ataita kila kilichosuguliwa kuwa ni kosa la chapa, na macho yako ndiyo ulinzi pekee. Kwa sarafu za nyati zilizochakaa kidogo, pembe kamili hadi nchani ndiyo mpaka ambao wakusanyaji wengi huulipia.

Utasikia pia habari za nyati wa miguu mitatu, na hakika atakuvutia. Ni ya 1937 ya Denver, ambapo kalibu iliyokuwa na makovu ilisagwa kupita kiasi na mguu wa mbele ukafutika, kwato ikabaki peke yake ardhini. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, walaghai hukwangua mguu kwenye sarafu ya kawaida. Ile halisi ina mfululizo wa vinundu vidogo vilivyoinuka vinavyoshuka kutoka tumboni mwa nyati kuelekea ardhini, na mguu wake wa nyuma unaonekana kama umeliwa na nondo. Iliyokwanguliwa haina vinundu hivyo, na chini ya lenzi utaona mikwaruzo sambamba pale mguu ulipokuwa. Hata ukiridhika na yote hayo, usiinunue ikiwa nje ya kasha la kampuni ya uthibitishaji. PCGS na NGC ndizo zinazoaminiwa zaidi. Hupima sarafu kwa daraja la 1 hadi 70 na kuifungia kwenye plastiki ngumu yenye namba inayoweza kuhakikiwa mtandaoni. Kwa sarafu za dola tano gharama hiyo haina maana, lakini kwa zile za mamia ni lazima.

Sarafu zenye picha ya ngao zilizotangulia V, za 1866 hadi 1883, ziachie mwaka wa pili wa safari yako. Ndizo senti tano za kwanza za nikeli, zilizozaliwa kwa sababu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe watu walificha sarafu zote na serikali ikalazimika kutoa noti ndogo za karatasi za senti tano. James Longacre alizichora, na kalibu zake zilipasuka mno kiasi kwamba nyufa zilizoinuka juu ya sarafu ni jambo la kawaida, wala si dosari ya kukukatisha tamaa. Za 1866 na za mwanzoni mwa 1867 zina miale kati ya nyota; ukipata moja yenye miale iliyo wazi, utakuwa umepata sura ya mwanzo kabisa.

Nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa sarafu. Tembelea maonyesho ya sarafu katika jimbo lako, na mweleze muuzaji waziwazi kwamba unajifunza na unaomba kushika sarafu halisi za madaraja tofauti. Wengi wana moyo wa kufundisha. Chama cha wakusanyaji wa Marekani, American Numismatic Association, kilianzishwa 1891 na kina mafunzo yanayomfaa anayeanza. Ukishanunua, weka kila sarafu kwenye kadi yenye kidirisha cha plastiki angavu iitwayo Mylar, uandike mwaka, bei na tarehe. Epuka mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni, kwani ina PVC, aina ya plastiki ambayo baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata na kula chuma. Ziweke mbali na jiko na bafu.

Kuhusu mdogo wako wa Morogoro, sheria inakuruhusu, ila ina mipaka. Tangu mwishoni mwa 2006 Marekani imekataza kuyeyusha sarafu za senti moja na za senti tano na kuweka kikomo cha kuzitoa nchini. Kifurushi kimoja cha sarafu za kukusanya hakipaswi kuzidi dola 100 kwa thamani iliyoandikwa juu ya sarafu, na msafiri anaweza kubeba za dola 5 bila swali, au hadi dola 25 ikiwa ni wazi kwamba ni za kukusanya. Sarafu yako ya 1943 na wenzake wenye madini ya fedha hazihusiki na katazo hilo. Mfululizo wote wa nyati kumi na wawili una thamani ya senti 60 kwa hesabu hiyo na uzito wa gramu 60, kwa hiyo uko mbali sana na kikomo. Ningempa mtu anayesafiri kwenda nyumbani azibebe mwenyewe kuliko kuziweka ndani ya barua, kwa kuwa posta za nchi nyingi zina masharti makali kuhusu sarafu. Mwanzishie na nne: Jefferson ya kawaida, moja ya wakati wa vita, nyati mwenye mwaka unaosomeka, na V ya 1883 isiyo na CENTS, kila moja ndani ya kadi yake, pamoja na lenzi ndogo ya kukuza mara kumi.